Siku kumi na mbili kwenye mpaka wa vijiji viwili: shajara ya utafiti wa ardhi na misitu, bara ya Kilwa

Shajara hii imeandikwa baada ya kurudi Dar, kutoka kwenye madaftari mawili ya uwandani, picha zenye saa na tarehe, na alama zilizobaki kwenye GPS. Tulikuwa watu watatu, na kazi ilikuwa kuelewa namna vijiji viwili jirani vinavyogawana pori lililo kati yao: nani analima wapi, nani anakata mti upi, na mpaka uko wapi kwa mujibu wa karatasi na kwa mujibu wa watu. Mgogoro wao haujaisha, na tuliahidi kutotaja majina. Kimoja tutakiita Kijiji cha Juu na kingine Kijiji cha Bondeni.

Jumatatu, 9 Septemba 2024. Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu saa 12 na nusu asubuhi. Nauli shilingi 20,000 kwa mtu, na 5,000 kwa boksi la vifaa baada ya kupatana. Chai na chapati Kibiti. Baada ya hapo tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Wazee wa Kilwa bado huhesabu miaka kwa daraja hilo, kabla na baada ya kivuko cha Ndundu, kwa sababu lilipokuja ndipo malori ya mbao yalipoanza kushuka kusini kwa wingi. Ukifanya utafiti wa misitu huku, uliza habari za daraja kabla hujauliza habari za miti.

Somanga tulikaa karibu saa nzima. Barabara ilikatika hapa mwezi Mei, wakati wa kimbunga Hidaya, na magari yalikuwa bado yanapunguza mwendo na kupishana kwa zamu. Wauza pweza na samaki wa kukaanga walinufaika na foleni. Pweza wa 3,000 na ndimu ulitosha hadi jioni. Masoko tulifika saa 9 alasiri, nyumba ya wageni 20,000 kwa usiku, maji ya ndoo.

Jumanne na Jumatano, 10 na 11 Septemba. Barua

Siku mbili zilikwenda kwenye barua. Wanaokuja baadaye wazijue hatua hizi. Kibali cha utafiti hutoka COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (wanafunzi wa vyuo vya ndani hutumia barua ya chuo). Kinapelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye huandika barua kwenda wilayani. Wilayani unapewa barua ya kwenda kwa mtendaji wa kata, na wa kata anakuandikia ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji. Barua ya mkoa tulikuwa tumeifuata Lindi mwezi Agosti. Kilichotuchelewesha ni kwamba kibali kilitaja wilaya peke yake, bila kata, na ofisi moja ikataka kata ziandikwe. Orodhesheni kata zote tangu mwanzo, pamoja na moja ya akiba. Mchukue nakala kumi za kila barua, maana kila meza hubaki na yake na mashine ya nakala hutegemea umeme.

Jambo jingine la mwaka huu: uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umepangwa 27 Novemba. Mwenyekiti anayetaka kurudi hapendi kuonekana akijadili mpaka na wageni, na anayetaka kumng'oa anapenda mno. Tuliamua kila mazungumzo ya mpaka yawe na watu wa pande zote mbili za kijiji, na tusimhoji kiongozi yeyote peke yake juu ya suala hilo.

Nafasi iliyobaki Jumatano tulisoma faili la zamani la mipaka kwenye ofisi ya ardhi, tukanakili viwianishi, yaani nambari za mahali, vya alama 11 za mpaka wa pamoja. Nambari zilikuwa za UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita), kanda ya 37 Kusini. Hakuna palipoandikwa zilipimwa kwa datumu ipi, yaani kwa msingi upi wa upimaji; nambari zile zile kwa datumu tofauti huonyesha mahali tofauti. Hilo tuliliwekea mstari mwekundu, na Jumamosi lilitusaidia.

Alhamisi, 12 Septemba. Nangurukuru, kisha barabara ya Liwale

Daladala hadi Nangurukuru, halafu pikipiki tatu kwa 25,000 kila moja, tukakamata barabara ya vumbi iendayo Liwale. Kilomita za mwanzo ni nzuri. Zinazofuata ni mchanga mwepesi unaoyumbisha gurudumu la mbele, hasa ukiwa na boksi nyuma. Tairi moja lilipasuka mahali pasipo na nyumba. Dereva wa lori la magunia alisimama bila kuitwa, akatoa pampu na kiraka, akakataa pesa, akaomba maji ya kunywa tu. Ilikula dakika 50.

Pande zote mbili za njia moshi ulikuwa unapanda. Septemba ni mwezi wa kufyeka na kuchoma mashamba mapya, na mengi ni ya ufuta. Ufuta hupenda ardhi iliyofunguliwa karibuni: magugu machache, rutuba ya majivu. Baada ya misimu miwili au mitatu magugu hushinda jembe na mkulima hufungua kipande kingine. Bei ikipanda kwenye minada ya stakabadhi ghalani, mwaka unaofuata pori hurudi nyuma. Kilwa husemwa sana habari ya wavuna mbao. Tulichoona njiani ni kwamba panga la ufuta limefungua eneo kubwa kuliko msumeno.

Kijiji cha Juu tulifika saa 10 jioni. Mtendaji alipiga muhuri, mwenyekiti akatupa chumba kwenye nyumba ya walimu, na mama mmoja jirani akatuletea ugali wa muhogo na kisamvu kabla hata hatujafungua mizigo.

Ijumaa, 13 Septemba. Ramani ya ardhini

Hakuna mkutano Ijumaa asubuhi, na asiwepo wa kuuitisha. Tulisubiri swala iishe, tukaanza saa 8 na nusu chini ya mwembe. Watu 19 walikuja.

Ramani ilichorwa ardhini, mahali palipofagiliwa, kama mita nne kwa nne. Majivu kwa barabara, vijiti kwa makorongo, punje za mahindi kwa nyumba, magunzi kwa mashamba ya mbali, majani mabichi kwa pori. Wachoraji wawe wenyeji. Mtafiti akishika kijiti, watu huanza kumchorea anachotaka kukiona. Waanze na kitu kisicho na ubishi (barabara, shule, kisima), mpaka uje mwisho. Ikikamilika, piga picha ukiwa umesimama juu ya benchi, kisha nakili kwenye karatasi ya manila hapo hapo kabla mbuzi hawajapita.

Kosa tulilolifanya saa ya kwanza linastahili kuelezwa, kwa sababu hojaji nyingi hulirudia. Tuliuliza: "Msitu wenu uko wapi?" Tukaonyeshwa sehemu moja tu, ile iliyotengwa kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Mzee mmoja alipomsahihisha kijana akisema, "Hilo ni pori, si msitu," tukaelewa. Kwa watu wa hapa msitu ni ule wa kamati, wenye sheria ndogo na faini. Pori ni penginepo pote penye miti: pa kuni, pa mashamba ya akiba, pa mizimu, pa uwindaji wa zamani. Tulipobadili neno, ramani ikajaa. Eneo linalogombewa lote lilikuwa pori. Hojaji yenye neno "msitu" ingetuambia kwamba hakuna mgogoro.

Jumamosi, 14 Septemba. Kutembea mpaka, upande wa Juu

Tuliondoka saa 11 na nusu alfajiri: wazee watatu, wajumbe wawili wa kamati ya maliasili, mama mmoja anayelima karibu na korongo, na sisi. Lita tatu za maji kwa kila mtu na bado zilipungua.

Alama ya kwanza ya faili GPS ilitupeleka katikati ya kichaka, hakuna kitu. Wazee walicheka kwa upole, wakatuongoza kusini hadi kwenye jiwe la zege lililozikwa nusu. Ya pili hivyo hivyo. Kufika ya tatu tulianza kupima tofauti: kila mara mashine ilitupeleka kama mita 300 kaskazini ya jiwe, na chini kidogo ya mita 100 magharibi.

Tofauti inayofanana kila mahali, kwa umbali na kwa upande, ni kosa la datumu. Watu wakibishana, tofauti huwa hapa mita 40, pale mita 900, huku mashariki, kule kusini. Ramani za zamani za Tanzania za 1:50,000 zilitengenezwa kwa datumu iitwayo Arc 1960, na GPS ikitoka dukani huwa kwenye datumu nyingine, WGS84. Ukiingiza nambari za Arc 1960 bila kubadili mpangilio, unakosea hivyo hivyo tulivyokosea. Kwenye GPS ya Garmin ingia sehemu ya mfumo wa viwianishi, chagua datumu Arc 1960, ingiza alama zako, na ndipo urudishe WGS84 ukitaka; mashine itazigeuza yenyewe. Daima andika datumu pembeni ya nambari. Mstari mmoja wa wino ungewaokolea vijiji hivi maneno mengi, kwani mwaka fulani watu wa kupima walikuja na nambari hizo hizo, wakaweka vigingi vya mti mita 300 ndani ya Kijiji cha Juu, na Bondeni wakaviamini.

Baada ya kurekebisha, alama saba kati ya 11 zilikaa juu ya mawe au ndani ya mita 10 (chini ya miti mirefu usitarajie bora zaidi ya hapo). Nne za mwisho hazikukaa, na hapa tofauti zilikuwa za kila namna. Karatasi inafuata korongo. Wazee wanafuata njia ya miguu ya zamani, inayoliacha korongo na kuzunguka mashariki.

Jumapili, 15 Septemba. Upande wa Bondeni, na mahame

Pikipiki 8,000 hadi Kijiji cha Bondeni. Hatukusema lolote kuhusu tulichoambiwa jana. Tuliomba tu watuonyeshe mpaka kwa miguu.

Walitupeleka kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyohamwa. Miembe mikubwa tisa katikati ya miombo, mbuyu mmoja, kisima kilichofukiwa, makaburi yenye mawe kichwani. Hakuna mwembe unaojiotea kwa safu porini. Penye miembe paliishi watu. Mzee aliyetuongoza, wa miaka zaidi ya 70, alisimama kwenye kaburi la babu yake akalisomea Fatiha kabla ya kuzungumza. Watu wa hapa, alisema, walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, wengine wakapelekwa Juu, wengine Bondeni, ndugu wa tumbo moja wakagawanywa. Walioandika mipaka baadaye waligawa vijiji vipya na kuyaacha mahame katikati, bila kuuliza ni ya nani.

Kwa hiyo pande zote mbili zina makaburi pale, na zote zinasema kweli. Hapa ndipo tulipoelewa kwa nini njia ya miguu ni muhimu kuliko korongo: ilikuwa njia ya kwenda kisimani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua haki za kimila, na mipaka inaweza kutokana na makubaliano ya vijiji jirani. Karatasi isiyowahi kutembewa na pande zote mbili kwa pamoja ni nusu ya makubaliano. Tumeona mipango mingi ya ardhi ikikwama hapo, fedha zikiwa zimeshatumika.

Kwa anayepima mahame: chukua alama kwenye kila mwembe, pima mzingo wa shina, andika aina ya embe wanayoitaja wenyeji, piga picha ya makaburi kwa ruhusa ya ndugu tu. Mti mmoja haushuhudii kitu. Miembe, kisima na makaburi pamoja vinashuhudia.

Jumatatu, 16 Septemba

Sikukuu ya Maulidi. Hakuna kazi. Tulialikwa pilau na kukaa mkekani hadi usiku. Vijiji vyote viwili vilikuwa kwenye hafla moja ya kisomo, wakipokezana kaswida.

Jumanne, 17 Septemba. Viwanja vya vipimo

Swali la leo: pori linalogombewa lina nini cha kugombewa? Kilwa inajulikana kwa mpingo, mti wa klarineti na obo, mzito kiasi kwamba kiini chake huzama majini. Mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la MCDI la Kilwa Masoko, vilipata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu yao ya kijiji, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiwezesha kijiji chenye msitu wake wa hifadhi kubaki na mapato ya magogo. Habari hizo zimefika kila kona ya wilaya. Pori lililodharauliwa zamani leo lina bei.

Tulipima viwanja sita vya duara, nusu kipenyo mita 15, yaani mita za mraba 707 kila kimoja. Ukizidisha idadi ya miti kwa 14.1 unapata miti kwa hekta. Kamba ya nailoni hurefuka ikivutwa: mita 15 ikiwa 15.5, eneo linaongezeka kwa karibu asilimia 7, na msitu wako unanenepa bila sababu. Tumieni tepu, au kamba iliyopimwa upya kila asubuhi. Kwenye mteremko tepu ishikwe mlalo, isifuate ardhi.

Kipenyo hupimwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Kama huna tepu ya kipenyo, pima mzingo ugawe kwa 3.14: mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha 30. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 huhesabiwa kila shina peke yake, na mpingo hufanya hivyo mara nyingi. Shina la mpingo lina mikunjo kama kitambaa, tepu hupita juu ya mikunjo na kukupa unene usiokuwapo. Gonga pia kwa kisigino cha panga: sauti ya debe ni uvungu, na uvungu mwingi huanzia kwenye kovu la moto. Hata mti mzima hutoa kidogo, maana kwenye kupasua kwa ajili ya ala za muziki inayofaa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya gogo.

Tulikuta mtondoro kila mahali, mkongo, mpangapanga, mininga michache, na mipingo mingi miembamba yenye makovu upande mmoja. Makovu hayo yanatoka kwenye moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Wajumbe wa kamati wanajua kuchoma mapema, Mei hadi Julai, nyasi zikiwa na unyevu ili moto upite chini na kufa jioni. Lakini eneo lenye mgogoro hakuna kijiji kinachothubutu kulichoma mapema, kwani kuchoma ni kudai umiliki. Basi huungua lenyewe, kwa ukali, kila mwaka. Hili halikuwa kwenye mpango wetu wa utafiti, nasi tunalihesabu kuwa jambo zito kuliko yote tuliyoyaandika.

Jumatano, 18 Septemba. Akina mama, ming'oko na ekari

Asubuhi, Bondeni, akina mama 14 peke yao, mtafiti mwanamke pekee akiwa nao. Ramani yao haikuwa na mpaka kabisa. Ilikuwa na visima viwili ambavyo wanaume hawakuvichora, njia za kuni, na sehemu tatu za kuchimba ming'oko, vile viazi pori vinavyochemshwa na kuliwa kipindi cha kiangazi chakula kinapopungua. Wanachimba pande zote mbili na hakuna aliyewahi kuwazuia. "Mng'oko hauna kijiji," alisema mmoja, na wenzake wakaitikia. Walitupa sufuria nzima, tukala mikononi, tukimenya ganda la juu.

Walituambia pia kuhusu mifugo. Tangu serikali ilipoondoa wafugaji Usangu na Ihefu, 2006 na 2007, na wengi kuelekezwa Lindi, makundi yamekuwa yakishuka hadi bonde la Matandu kufuata maji. Pori lisilo na mwenyewe anayejulikana ndilo linalopitishwa ng'ombe, na visima viwili vile ndivyo vinavyokanyagwa.

Mchana tulipima mashamba. Mkulima akisema "ekari mbili" uliza amepimaje. Hapa ekari ni hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047. Hatua ya sentimita 80 inakupa 3,136, na ukitafsiri hatua kuwa mita unapata 4,900. Tulizunguka mashamba manane na GPS huku mwenye shamba akihesabu hatua zake, ili kila jibu la hojaji lirekebishwe kwa miguu ya aliyejibu.

Alhamisi, 19 Septemba. Mrejesho

Mkutano ulifanyika mahame, wazo la mzee wa Bondeni. Watu 30 na ushee kutoka pande zote. Posho tuliitangaza wazi tangu Ijumaa: 5,000 kwa aliyetembea mpaka, soda na mkate kwa wote, hakuna bahasha ya pembeni.

Tulitandika manila mbili, ya Juu na ya Bondeni, kando kwa kando. Tulieleza kosa la mita 300 kwa kamba na vigingi: hapa ndipo mashine ilipofika, hapa ndipo jiwe lilipo. Watu wa Bondeni walinyamaza kitambo. Kisha kijana aliyekuwa amepigilia vile vigingi vya mti akasema yeye ndiye aliyevipigilia, kwa kuambiwa, na kwamba ataving'oa.

Alama nne zilizobaki hazikumalizika, wala hatukujaribu kuzimaliza. Mtafiti hana mamlaka hayo; yanaanza na halmashauri za vijiji viwili, yanapita mikutano mikuu, yanaishia kwenye muhtasari uliosainiwa na pande zote. Kwenye ramani yetu sehemu hiyo tumeichora kwa nukta, mahame yakiwa katikati, na visima vya akina mama vimeandikwa kwa majina yao.

Ijumaa, 20 Septemba. Kurudi

Pikipiki, Nangurukuru, basi la kutoka Lindi, Dar saa 2 usiku. Jumla ya gharama kwa watu watatu, bila vifaa: usafiri 318,000, malazi 240,000, chakula 190,000, posho na soda 175,000, nakala na barua 42,000.

Nakala mbili za ramani, zenye datumu iliyoandikwa kwa wino kwenye kona, zilitumwa wiki mbili baadaye kwa basi la Kilwa: moja ofisi ya mtendaji wa Juu, moja ya Bondeni. Mtendaji wa Bondeni alipiga simu kusema imefika, na kwamba kamati zote mbili zimekubaliana kuchoma nyasi za mahame pamoja mwezi Juni.